Mdudu Mwekundu Anayefuata Fukusi

  

Leo tunamzungumzia mdudu ambaye karibu kila nyumba inamjua kwa sura, lakini nyumba chache zinajua tabia yake. Ni mdogo sana, urefu wake milimita 3 hadi 4. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea kahawia. Mgongo umekaza na kung'aa kidogo, na mwili umelala bapa kiasi cha kupenya kwenye ufa ambao hata ukucha hauingii. Ukifungua gunia la unga uliokaa, unamwona akikimbia kutafuta giza. Wataalamu humwita Tribolium castaneum. Sisi tumwite tu mdudu mwekundu wa unga.

Anatoka katika jamaa kubwa ya wadudu wenye mabawa magumu, jamaa ambayo ina spishi zaidi ya 20,000 duniani. Wengi wao wanapenda giza na ukavu. Kule jangwa la Namib, kusini mwa Afrika, yuko mmoja wao anayepanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, anainamisha kichwa na kuinua makalio ili umande wa ukungu utiririke mgongoni hadi mdomoni. Ndivyo anavyokunywa maji mahali pasipo na mto. Jamaa hii imezoea kuishi pakavu, na hilo tulikumbuke, maana litatusaidia kuelewa kwa nini mdudu huyu haogopi unga mkavu.

Sasa swali la kwanza. Je, mdudu mwekundu ndiye anayetoboa mahindi?

Hapana. Na hapa ndipo watu wengi wanapoteza nguvu zao bure. Anayetoboa punje nzima ya mahindi ni fukusi, yule mdogo mweusi mwenye pua ndefu. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, hufunika tundu, na funza hukua humo humo hadi atoke akiwa mdudu kamili. Mdudu mwekundu hana pua wala meno ya kazi hiyo. Punje ya mahindi iliyo nzima, kavu na isiyo na ufa humshinda kabisa. Anachohitaji ni punje iliyovunjika, chenga, vumbi, pumba, unga. Kwa hiyo fukusi hutangulia, mdudu mwekundu hufuata. Turudie: fukusi hutoboa, mdudu mwekundu hufuata.

Ndiyo maana magunia mawili ya mahindi, yaliyovunwa siku moja na kuwekwa depo moja, yanaweza kuisha kwa hali tofauti. Moja lilipukuchuliwa kwa mkono, likapepetwa, punje zikabaki nzima. Lingine lilitwangwa kwa fimbo ndani ya gunia mpaka punje zikapasuka, na chenga zikaachwa humo humo. Hilo la pili limeshamwandalia mdudu mwekundu chakula kabla hata fukusi hajafika.

Na muhogo je? Kwetu muhogo ndio chakula cha kila siku, na fufu haiwezi kukosa mezani. Muhogo mkavu, yaani kosete, huvunjika kwa urahisi. Kila unapopakiwa kwenye gunia, kila unapotupwa juu ya gari, unaacha unga chini. Humo ndimo mdudu huyu anapokaa. Nchini Tanzania walipata somo chungu kuhusu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mkoani Tabora, aliingia mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati ambaye wakulima walimwita dumuzi, na wengine wakamwita skania. Dumuzi si wa jamaa hii tunayoizungumzia leo. Yeye ni mtobozi wa mbao aliyehamia kwenye mahindi na muhogo. Lakini alipopita, aliacha vumbi jeupe tupu mahali palipokuwa na chakula, na vumbi hilo ndilo karamu ya mdudu mwekundu. Aliyevunja ni mmoja, waliofaidi ni wengi.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo kila mama anaweza kulijaribu jikoni kwake leo jioni. Chukua sahani ya rangi nyeusi au ya rangi yoyote iliyokolea. Mimina konzi moja ya unga. Usawazishe uso wake kwa ubavu wa kisu mpaka uwe laini kabisa, pasiwe na hata mkunjo mmoja. Kisha iache sahani mahali patulivu, usiiguse, kama nusu saa hivi. Ukirudi ukakuta uso bado laini, vema. Ukikuta vimichirizi vyembamba vinapindapinda juu ya unga, na huku na huku unga umeinuka kidogo kama pamefukuliwa ndani, basi humo mna viumbe vinavyotembea. Hao ni funza wa mdudu mwekundu. Mmoja wao ukimchukua kwa ncha ya kisu utaona ni mwembamba, rangi ya manjano iliyofifia, na mkiani ana vipembe viwili vidogo. Unaweza usione mdudu mkubwa hata mmoja, na bado unga huo umeshaingiliwa.

Hapo mama wengi watasema: basi nitauchekecha. Kuchekecha ni vizuri, lakini tuelewe kunafanya nini na hakufanyi nini. Chekeche linatoa wadudu wakubwa na funza wakubwa. Mayai haliyatoi. Jike anapotaga, yai linatoka likiwa na unyevu wa kunata, na chembe za unga zinaligandia pande zote. Yai linakuwa mfano wa chembe nyingine ya unga, jeupe kati ya weupe, na linapita kwenye matundu ya chekeche pamoja na unga wenyewe. Jike mmoja katika maisha yake anaweza kutaga mayai 300 hadi 500, siku hadi siku, kwa miezi mingi. Na hafi mapema: anaweza kuishi mwaka mmoja, hata zaidi. Kwa hiyo unga uliochekechwa leo ukaonekana safi, ukiwekwa tena kwenye ndoo ukakaa mwezi mzima mahali pa joto, unaamka wenyewe. Si kwamba jirani amekuletea wadudu. Walikuwemo.

Wasikilizaji, nimetaja joto, na hili linatuhusu sana sisi wa njia ya Butembo hadi Beni, mashariki mwa Kongo. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 tu, lakini hali ya hewa si moja. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi watu huvaa makoti. Ukishuka kupitia Kalunguta, hapa kwetu, kuelekea Beni, kisha ukashuka tena mpaka bonde la Semliki na mpaka wa Kasindi, joto linapanda. Mdudu mwekundu anapenda joto. Kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35 anatoka yai hadi mdudu kamili kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Joto likishuka chini ya nyuzi 22 uzazi wake unasimama. Maana yake, mfanyabiashara wa Butembo anaweza kukaa na unga wake kwa muda bila kuona shida, akaupakia kwenye lori kwenda bondeni, na baada ya wiki chache mteja wake akapiga simu kulalamika. Wote wawili wanasema kweli. Unga ulitoka na mayai yaliyotulia kwa baridi, ukayapeleka kwenye joto linaloyafaa.

Lakini wa Butembo wasijivune. Nyumba ya mashine ya kusaga ina joto lake. Jiko lina joto lake. Na gunia likishajaa wadudu, wadudu wenyewe huzalisha joto ndani ya gunia, hata kama nje ni baridi.

Habari ya joto na baridi ilichunguzwa kwa makini na mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, Thomas Park. Kwa miaka mingi alifuga mdudu huyu pamoja na ndugu yake wa karibu sana, Tribolium confusum, ndani ya chupa ndogo za unga. Wawili hawa wanafanana mno kwa macho ya kawaida. Park alitaka kujua: wakiwekwa chupa moja, chakula kimoja, nani atabaki? Jibu lilimshangaza. Penye joto na unyevu, mwekundu ndiye aliyebaki kila mara, na mwenzake akatoweka. Penye ubaridi na ukavu, ikawa kinyume. Na katika hali za katikati, mara huyu alishinda, mara yule, na hakuna aliyeweza kusema mapema. Tena katika kazi aliyoitoa mwaka 1948 alionyesha kwamba kijidudu kidogo cha ugonjwa kinachoishi ndani ya miili yao kinaweza kumwangusha mwekundu na kumpa ushindi mwenzake. Mambo mengi ambayo wanafunzi wa biolojia duniani wanafundishwa kuhusu ushindani wa viumbe yalitoka ndani ya chupa hizo za unga. Na mwaka 2008, wanasayansi walipotangaza kwa mara ya kwanza ramani kamili ya jeni za mdudu mwenye mabawa magumu, waliyemchagua alikuwa ni huyu huyu wa jikoni kwetu.

Je, ni mdudu mpya? La hasha. Wadudu wa kundi hili walikutwa ndani ya chungu katika kaburi la Misri ya kale la takriban miaka 4,500 iliyopita. Tangu mwanadamu alipoanza kuweka akiba, alikuwepo.

Turudi nyumbani. Madhara yake ni yapi? Kula kwenyewe si tatizo kubwa kuliko yote. Mdudu mwekundu ana tezi zinazotoa kemikali kali, na anapobanana na wenzake anaitoa kwa wingi. Unga unapata harufu ya kuchoma pua, unabadilika rangi, unaelekea waridi au kijivu, na ukiupika ladha yake ni mbaya. Unga wa ngano wa hali hiyo hautoi mkate mzuri. Waoka mikate wa Butembo wanaolipia unga unaovuka mpaka wa Kasindi wanaujua uchungu wa kupoteza gunia zima. Juu ya hayo, wadudu hawa hubeba mbegu za ukungu kutoka punje moja kwenda nyingine. Kwenye karanga na mahindi yenye unyevu, ukungu ni hatari kubwa kuliko mdudu mwenyewe, maana aina fulani hutoa sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Wenye kakao nao wasikilize. Eneo la Beni linaishi kwa kakao siku hizi, na mdudu mwekundu yumo katika orodha ya wadudu wa kakao ya ghalani. Kanuni ni ile ile. Punje ya kakao iliyochacha vizuri, ikaanikwa vizuri, ganda lake likiwa zima, inamzuia. Punje iliyopasuka inamkaribisha. Mnunuzi anapokataa gunia kwa sababu ya wadudu, kosa limeanzia mahali ambapo punje zilikanyagwa au zilianikwa juu ya udongo wenye mawe.

Na kwa wafugaji wa kuku, neno moja tu. Yule mweusi mnene kidogo anayejaa kwenye maranda ya banda la kuku ni wa jamaa hii pia, Alphitobius diaperinus. Anapenda chakula kilichomwagika kikalowa, na anaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Banda likisafishwa hadi chini, anapungua. Wakulima wa kahawa nao wanaye ndugu wa kahawia anayejifunika vumbi, Gonocephalum simplex, anayetafuna maganda ya miche. Jamaa ni kubwa, lakini leo tubaki na yule wa unga.

Tufanye nini basi? Hapa naomba tusikilizane vizuri, hasa kwa sababu maisha ya sehemu yetu si ya kawaida. Tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi majumbani mwao, na Kalunguta, ambayo pia ilipita katika Ebola ya 2018 hadi 2020, imepokea hofu hiyo zaidi ya mara moja. Familia inapokimbia usiku haibebi magunia. Chakula kinabaki peke yake, mlango umefungwa, hakuna wa kufagia wala wa kuanika. Wanaporudi wanakuta vumbi. Kwa hiyo, penye wasiwasi wa namna hiyo, ushauri mmoja unapita mingine: weka akiba yako ikiwa punje nzima au kosete nzima, usiisage mapema. Saga ya siku chache. Unga ni chakula kilichokwisha kumfungulia mdudu mlango.

Pili, usafi wa mashine. Mwenye mashine akifagia katikati ya chumba, amefanya nusu ya kazi. Mdudu yuko chini ya mguu wa mashine, nyuma ya ubao, kwenye mshono wa gunia kuukuu, ndani ya mfereji ambamo unga wa wiki jana umeganda. Hapo ndipo pa kukwangua. Na magunia matupu yasirundikwe pembeni ya magunia mapya. Yageuzwe ndani nje, yakung'utwe mbali na depo, yachovywe kwenye maji yanayochemka, yakaushwe juani.

Tatu, kukausha. Nafaka ikaushwe juu ya shitingi, isianikwe chini kwenye udongo. Namna ya kupima bila chombo cha kisasa ipo: chukua chupa kavu, weka punje na chumvi kavu kidogo, tikisa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini bila kunata, yanafaa kuwekwa. Lakini kumbukeni tulichosema mwanzoni: mdudu mwekundu anavumilia ukavu. Kukausha kunamzuia fukusi na ukungu, na kwa kumzuia fukusi tunamnyima mwekundu mlango. Kukausha peke yake hakumwui.

Kinachomwua bila sumu ni kukosa hewa. Bidoni la plastiki lililo safi na kavu, likajazwa mahindi au maharagi hadi shingoni, kifuniko kikakazwa na kupakwa nta au mpira pembeni, wadudu walio ndani wanatumia hewa iliyobaki mpaka inaisha, na wao wanaisha nayo. Ndiyo kanuni ya yale magunia ya tabaka tatu yaliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wakulima wa kunde nchini Kamerun, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, gunia la kawaida nje, kila mmoja unafungwa peke yake. Sharti ni moja: usifungue kila siku. Kila ukifungua, unawarudishia hewa. Afadhali mabidoni madogo matano kuliko moja kubwa linalofunguliwa kila jioni.

Sasa vidonge. Hapa sitazunguka. Viko vidonge vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, bila karatasi ya maelezo, vinavyotoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo inaua wadudu, na inaua watu vilevile. Ni dawa ya ghala lililozibwa, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, mahali ambapo hakuna anayelala. Haifai chumba cha kulala chenye magunia pembeni, haifai nyumba ambayo watoto wamo. Mwaka baada ya mwaka, katika nchi mbalimbali, familia zimekufa usingizini kwa vidonge hivi. Tena vikitumiwa vibaya, kwa kiasi kidogo na mlango wazi, wadudu wanaobaki wanazaa watoto sugu. Usugu wa mdudu mwekundu dhidi ya fosfini umeshaonekana katika nchi nyingi, kama India, Australia na Brazili, na dhidi ya dawa ya malathioni ulionekana Nigeria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kabla hatujaagana, swali ambalo lazima mama mmoja analo sasa hivi: unga wangu umeshaingiliwa, niufanye nini? Kama wadudu ni wachache, rangi haijabadilika na harufu ni ile ya kawaida, uchekeche, uuanike juani, uupike leo na kesho uishe. Usiurudishe ndooni kungoja wiki ijayo, wala usiuchanganye na unga mpya ili kuficha. Kama umeelekea waridi na unachoma pua, usiupike. Na hizo takataka za chekeche zisimwagwe nyuma ya nyumba, kwa sababu mdudu huyu ana mabawa na penye joto anaruka. Atarudi jioni hiyo hiyo. Zimwagie maji yanayochemka au zichome moto. Kisha ioshe ndoo, ikauke kabisa juani pamoja na kifuniko chake, ndipo utie unga mwingine.

Muda wetu umeisha. Wiki ijayo, kwa saa kama hii, tutazungumza juu ya maharagi na mdudu wake, ambaye tofauti na huyu huanza kazi maharagi yangali shambani.